Videodrome, DVD mbili za Criterion: TV inapumua, kanda inaingia tumboni, na maoni yangu mengine

Naanza na kasha maana ndo kitu cha kwanza utakachoshika. Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa upya muvi za heshima kwenye diski, walivyoitoa hii 2004 walilitengeneza kasha lifanane na kanda ya video ya zamani, na maandishi kama mtu kaandika kwa mkono harakaharaka, yani ukiiacha mezani mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye deki atainyanyua aigeuzegeuze kabla hata hajakusalimia vizuri. Ndani diski mbili. Ya kwanza muvi yenyewe, dakika 89, ile isiyokatwa, pamoja na komentari, yani waliotengeneza wanaongea juu ya muvi huku inaendelea. Ya pili ni mazagazaga yote, jinsi walivyotengeneza efekti, maongezi ya madairekta, vipande vya vile vipindi feki walivyorekodi kwa ajili ya muvi, matrela na kadhalika. Mi nimeletewa na binamu yangu anayekaa Kanada, kaiokota kwenye duka la mitumba huko, na ntasema mapema kabisa kwamba diski ya pili ndo imenifanya nikae niandike haya yote.

Kwa wasiomjua mwenye muvi hii, David Cronenberg ni dairekta wa Toronto, kazaliwa 1943, kasoma fasihi ya Kiingereza pale Chuo Kikuu cha Toronto, afu akaja kuwa yule mtu ambaye ukitaja jina lake kwa wapenda sinema nusu wanasogea karibu na nusu wanashika tumbo. Shivers ya 1975, vijidudu vinaingia kwenye miili ya watu kwenye jengo la ghorofa, na kwa kuwa muvi ilipata hela za serikali kuna mwandishi wa Kanada, Robert Fulford, aliandika kuwaambia wananchi wajue jinsi ilivyo mbaya maana wameilipia wao. Scanners ya 1981, kile kichwa kinachopasuka. The Fly ya 1986, jamaa anageuka nzi polepole mpaka unamwonea huruma. Mtu wa hivyo hajazi majumba ya sinema kila wiki ila wafuasi wake hawamwachi, wanakariri mistari, wanagombana kuhusu mwisho wa muvi, wananunua muvi ileile kwenye kanda, kisha DVD, kisha Blu-ray. Videodrome yenyewe ilitoka Februari 1983 chini ya Universal na ikaanguka vibaya, imetengenezwa kwa kama dola milioni 6 ikaingiza milioni 2 na ushee tu Marekani. Iliyoiokoa ni kanda. Watu waliiazima, wakaipeleka nyumbani, wakaiangalia peke yao usiku, na ukishaijua stori utaona hiyo ndo namna yake halisi ya kuangaliwa.

Stori sasa. Max Renn (James Woods) anaendesha kituo kidogo cha TV Toronto, CIVIC-TV, Channel 83. Hawezi kushindana na vituo vikubwa kwa hiyo anauza ngono na vurugu, na akihojiwa anakubali bila hata kuangalia chini. Fundi wake Harlan ana dishi la kuibia matangazo ya watu, siku moja ananasa kipindi ambacho hakina stori, hakina mtangazaji, ni chumba tu chenye ukuta mwekundu wa udongo na watu wanateswa humo, basi. Mara kinatoka Malaysia, mara Pittsburgh. Wewe na mimi tungezima. Max anakitaka, anakitafuta, hawezi kuacha, anamwonyesha Nicki Brand (Debbie Harry, yule mwimbaji wa Blondie) ambaye ana kipindi cha redio cha kufariji watu wenye matatizo, na Nicki badala ya kuogopa anataka kwenda kushiriki. Baada ya hapo mambo yanaharibika kabisa, kanda inapumua mkononi, TV inatoka mishipa na kumwita Max kwa jina, na yeye tumbo linafunguka kama mlango wa deki na watu wanamtumbukizia kanda humo kumpa maagizo. Anaambiwa kwamba shida haikuwa zile picha, shida ni mawimbi yaliyofichwa ndani ya picha ambayo yanaotesha uvimbe kwenye ubongo, na uvimbe ndo unaleta mauzauza. Toka hapo mpaka mwisho hujui kipi kimetokea na kipi kiko kichwani kwa Max, na Cronenberg hakusaidii hata kidogo, hakuna ukungu wala muziki wa kukuambia hii ni ndoto, kila kitu kimepigwa kwa namna moja ileile kavu. Muziki ni wa Howard Shore, umekaa kama kinanda cha msibani kilichochanganywa na mashine, mzuri sana ila usiusikilize peke yake usiku.

Hivi vitu havikutoka hewani. Toronto kulikuwa na kituo cha kweli, Citytv, ambacho miaka ya 70 kilikuwa kinarusha muvi za wakubwa usiku wa manane, na CIVIC-TV imechorwa humo. Cronenberg pia ameshasimulia kwamba alipokuwa mtoto, vituo vya Kanada vikishafunga usiku, alikuwa ananasa mawimbi yanayotoka Buffalo ng'ambo ya mpaka na kuhofia asije akaona kitu asichotakiwa kukiona. Na yule Profesa Brian O'Blivion, mzee anayekubali kuonekana kwenye TV kwa sharti moja tu kwamba awe ndani ya TV nyingine, anamwigiza Marshall McLuhan, profesa wa Toronto aliyefundisha dunia nzima kwamba chombo chenyewe kinabadilisha watu kuliko kinachosemwa ndani yake. McLuhan alifariki mwisho wa 1980, muvi wakaanza kuipiga mwaka uliofuata, na kwenye muvi O'Blivion naye tunakuja kujua kumbe alishakufa, kaacha kanda maelfu zinaendelea kuongea kwa niaba yake. Mi nikiona akaunti ya marehemu inanikumbusha kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa namwaza huyu mzee.

Sasa fikiria 1983 huku kwetu. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994 vilipoanza vituo kama ITV. Yani wakati Cronenberg ameshachoshwa na TV kiasi cha kuitengenezea jinamizi, bara mtu mwenye TV aliinunua kwa ajili ya deki tu, na mtaa mzima ulijua nyumba hiyo iko wapi. Kwa hiyo sisi tulianzia kwenye kanda, na nadhani ndo maana ile sehemu ya kanda kupumua inatushika kuliko inavyowashika Wazungu wanaoongelea muvi hii, maana kanda kwetu kweli ilikuwa kitu cha kubebwa kwa heshima, cha kufichwa, cha kupitishwa mkono kwa mkono na onyo la "usiirudishe nyuma kwenye deki mbovu". Zile chenga pia. Muvi nzima imejaa chenga, picha inaruka, sauti inakwaruza, na ndani ya chenga Max anaona watu. Tangu walivyoanza kuzima analojia Dar usiku wa 31 Desemba 2012 tukahamia kwenye ving'amuzi chenga zimepotea, king'amuzi picha ikikataa inakata tu na kuandika hakuna mawimbi. Mpwa wangu nilivyomwonyesha kipande aliuliza kama diski imekwaruzika, ikabidi nisimamishe nimweleze habari ya kupanda juu ya bati kuzungusha antena huku mtu ndani anapiga kelele "hapohapo! umepitiliza!"

Efekti nazo, aisee. Rick Baker, yule aliyechukua Oscar ya kwanza kabisa ya mekapu kwa mbwamwitu wa An American Werewolf in London, ndo aliyesimamia, na hakuna kompyuta hapo. Kioo cha TV kinachovimba ni mpira mwembamba umetandazwa, nyuma kuna projekta inarusha picha, na mkono wa mtu unasukuma. Kanda walizotumia ni za aina ya Betamax kwa sababu zile za VHS zilikuwa kubwa haziingii kwenye lile tumbo la bandia. Basi, sababu ya maana kabisa, na kuna watu wamejaza kurasa kuchambua eti kwa nini dairekta kachagua Betamax iliyokuja kushindwa sokoni. James Woods alichoka kuvalishwa lile tumbo, inasimuliwa alilalamika kwamba sa hivi si mwigizaji tena, kawa mbeba tundu tu, na Debbie Harry akamjibu sasa na wewe umejua tunavyojisikia. Ile filamu fupi ya utengenezaji, Forging the New Flesh, ameiandaa Michael Lennick ambaye mwenyewe alifanya efekti za video kwenye muvi, kwa hiyo hupati yale maelezo ya juujuu ya kusifiana, unapata mafundi wanaongea ufundi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linanikera. Kila mtu anayeisifia hii muvi leo anasema ilitabiri simu. Ilitabiri intaneti, ilitabiri TikTok, Cronenberg ni nabii. Mi nimeirudia kwa makini na nasema hapana, na tofauti yenyewe ndo kitu cha kuvutia zaidi kwenye muvi nzima (hapa ntagusa stori kidogo, mwenye kutaka kuiona bila kuambiwa aruke). Kwenye vibanda umiza tulifundishwa kwamba kila muvi ina steringi na ina adui, ukikaa tu cha kwanza unamuuliza jirani "adui yuko wapi?" Na Videodrome ina adui. Kuna kampuni inaitwa Spectacular Optical, inatengeneza miwani na pia mifumo ya makombora, bosi wake Barry Convex, na wamechomeka yale mawimbi makusudi kwenye kipindi kichafu ili wanaopenda uchafu wafe, kwa sababu wanaona Amerika imelegea na inahitaji kusafishwa. Wanakuchukia. Wamekaa kikao wakakubaliana kukumaliza. Kwa upande fulani hiyo inafariji, si ndio? Adui mwenye sura unaweza ukampiga, na Max kweli anampiga.

Simu yako haina Convex. Aliyeileta ile staili ya ukurasa usioisha, unashuka na kushuka hakuna mwisho, ni kijana mmoja anaitwa Aza Raskin, mwaka 2006, alikuwa anataka tu kumpunguzia mtu usumbufu wa kubonyeza ukurasa unaofuata, na baadaye akajitokeza hadharani kusema anajuta. Reed Hastings wa Netflix mwaka 2017 alisema kabisa, akiwaongelesha wawekezaji, kwamba wanashindana na usingizi, na hakusema kama mtu anayetoa siri, alisema kama mwenye duka anayetaja duka la jirani. Hakuna hata mmoja hapo anayetaka ufe, akili zao zote ziko kwenye kukufanya uendelee kuwepo, uangalie kimoja zaidi, maana tangazo linalipwa ukiwa macho. Cronenberg hakuliona hilo. Alichokiona vizuri mno ni kitu kingine kidogo ambacho watu hawakisemi, ile nyumba ya binti wa profesa, Bianca, inayoitwa Cathode Ray Mission. Maskini wanapanga foleni asubuhi Toronto kama wanaosubiri uji wa msaada, wakiingia kila mmoja anawekwa kwenye kijichumba chake mbele ya TV, kwa imani kwamba aliyekosa TV amekatwa na dunia na lazima aunganishwe tena. Imepigwa kama utani. Oktoba 2014 Facebook na Tigo wakazindua Internet.org hapa Tanzania, mtu asiye na bando aingie Facebook na kurasa chache nyingine bure, na maelezo yalikuwa karibu yaleyale ya Bianca, kuwaunganisha waliobaki nje. Sisemi ilikuwa mbaya, kuna watu ilisaidia kweli, ila ukiiona ile foleni kwenye muvi hutacheka kama walivyocheka wao.

Na kuna hii habari ya wafuasi. Muvi za aina hii zina watu wake, na watu wake wanafanana na Max kuliko wanavyopenda kukiri, wanatafuta kanda adimu, wanataka nakala isiyokatwa, wanataka kuona kile ambacho wengine wamekosa. Huku kwetu tunao hao watu. Angalia dairekta Nabwana IGG wa Wakaliga, Kampala, Who Killed Captain Alex ya 2010 inayosemekana imetengenezwa kwa dola kama 200, bunduki zimechomelewa na vyuma chakavu, na nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie anayepiga kelele juu ya muvi nzima, "supa komando!", na leo kuna Wamarekani wanaoijua sauti hiyo kwa moyo kama sisi tulivyokuwa tunamjua marehemu Lufufu kwenye kanda zilizotafsiriwa. Huo ni ugonjwa pia, sikatai, ila ni ugonjwa wa mtu anayejua anachokitaka. Mwamshe mpenzi wa Lufufu saa 9 usiku atakusimulia muvi kuanzia ngumi ya kwanza, na majina ya maadui. Afu mchukue huyohuyo akitoka kuskroli video fupi kwa saa nzima, muulize ameangalia nini, atakuambia "nilikuwa napitisha tu muda". Max wa 1983 angalau angekuambia chumba kilikuwa na ukuta wa rangi gani. Ila kabla hujanichukulia kama mzee wa kuchukia simu, Captain Alex ilifika Marekani kwa YouTube, trela lake lilisambaa huko, mashine ileile inayokulia usiku wako ndo iliyomtoa Nabwana Wakaliga, kwa hiyo sijui tunagawanyaje hiyo kesi.

Mapungufu yapo. Theluthi ya mwisho inayumba, Cronenberg alikuwa anaandika huku wanapiga picha na inaonekana, njama ya Convex inaelezwa harakaharaka na mtu mmoja kasimama anahutubia, afu inabaki bastola na mkono unaogeuka nyama na chuma. Nicki naye anapotezwa mapema mno, Debbie Harry anakuja na utulivu wa ajabu, anajichoma kwa sigara bila kupepesa, unataka kumjua zaidi, ghafla anabaki midomo kwenye kioo tu. Na nionye kabisa, kuna mateso, kuna uchi, kuna damu, hii si ya kuweka sebuleni wakwe wakija.

Komentari ya Cronenberg na mpigapicha wake Mark Irwin iko vizuri, inasikilizika hata ukiwa unapika, dairekta anaongea kwa upole kama mwalimu wa hesabu huku kwenye kioo tumbo la mtu linafunguka. Kwenye diski ya pili anza na Fear on Film, maongezi ya 1982, Mick Garris anawahoji Cronenberg, John Carpenter na John Landis, dakika kama 26, wanaume wanne wamekaa kwenye viti wanabishana nini kinaogopesha. Hakuna anayekatizwa kila sekunde 5, hakuna muziki chini, hakuna maandishi yanayorukaruka, mtu anaanza wazo na unamsubiri alimalize. Mwanzoni inachosha. Baada ya kama dakika 10 hivi unajikuta umetulia.

Afu, ndani ya kasha hilohilo, kuna Camera. Hii ni filamu fupi ya Cronenberg ya mwaka 2000, haifiki hata dakika 10, aliitengeneza kwa ajili ya tamasha la filamu la Toronto lilipotimiza miaka 25, na ndani kuna Leslie Carlson, yuleyule aliyecheza Convex, sasa mzee. Amekaa kwenye nyumba ya kawaida analalamika. Watoto wameokota kamera kuukuu ya filamu, lidude kubwa, wamelileta ndani, wanataka kumpiga picha. Yeye hataki, anaiogopa, anasema picha ni kifo, anasimulia ndoto yake ya kukaa kwenye sinema na kuzeeshwa na muvi aliyokuwa anaiangalia. Muda wote anapoongea tunamwona kwa video ya bei rahisi, imesogezwa usoni mpaka vinyweleo unavihesabu, huku nyuma watoto wako bize kama mafundi wa kweli, wanasukuma, wanapima, wanapanga taa. Kisha wanawasha, na picha inageuka filamu yenyewe, laini, ya rangi, na mzee anarudia maneno yake ya mwanzo kwa sauti nyingine kabisa. Mtu aliyetengeneza TV inayokula watu miaka 17 kabla anakuja kutengeneza hii, hakuna damu hata tone, na kwangu imezidi muvi kubwa. Kama ungeniuliza hela imeenda wapi, imeenda hapo.

La mwisho ni la kiufundi na muhimu kabla hujaagiza. Diski hizi ni Rijini 1, yani za Marekani na Kanada, sisi Afrika mashariki tuko Rijini 5, kwa hiyo deki ya DVD iliyofungwa rijini itazikataa na kukuandikia ujumbe wa ovyo. Zile deki za Kichina za bei poa mara nyingi zinakula kila kitu, au tumia laptopu yenye programu ya VLC. Subtaito ni za Kiingereza peke yake. Ukiazimwa na mtu muombe na kasha lake, wengi wanazunguka na diski tupu kwenye karatasi na diski ya pili wameshaipoteza, ukiletewa hivyo usilipe bei ya zote mbili.